Paa Lisilopitisha Vumbi

Mdogo wangu Josephati anataka kujua kama mama yetu alikufa mara moja au alikufa taratibu. Mimi jibu ninalo. Patrisi mvuvi naye analo, na Mungu analo, na sisi watatu tumekaa kimya. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi, nzito kuliko kulima vitunguu: kumzuia mtu mwenye akili kama Josephati asifike kwenye jibu. Akilifikia, tutazika wa pili, na mimi sina machozi ya kumtosha.

Watu wasiotoka huku kwetu huniuliza meli ilifikaje wilaya ya Karatu. Ni haki yao kuuliza. Sisi Wairaqw ni watu wa udongo mwekundu, ngano na maharage. Maji tunayoyajua ni ya kwenye ndoo. Ukishuka kutoka mjini kuja kwetu Baray unaliona ziwa Eyasi kule chini, na nilipokuwa mdogo lilikuwa ziwa la jina tu, kiangazi unalikatiza kwa miguu huku vumbi la chumvi likikuchoma macho. Kisha zikaja zile mvua zilizokata barabara za Ngorongoro, mwaka hadi mwaka, na ziwa likaamka. Likameza mashamba ya vitunguu ya majirani zangu. Likameza pia kambi ya mahema ya Clemensi, mtu wa hapahapa aliyeneemeka kwa kupeleka wageni kreta ya Ngorongoro kutazama wanyama.

Mtu mwingine angelia. Clemensi alikaa ukingoni akiyatazama yale maji, kisha akapanda mjini, gerejini kwa Josephati, akamwambia anataka meli ya watalii.

Kama umewahi kuona Landkruza iliyokatwa katikati ikarefushwa, ikafungwa viti vya safu na paa la kuinuka ili mgeni asimame apige picha simba, basi umeona kazi ya mikono kama ya mdogo wangu. Na kwa jambo moja hakuna fundi Karatu nzima aliyemfikia, nalo ni vumbi. Mgeni anayerudi kutoka kreta halalamikii simba, analalamikia vumbi lililoingia kwenye kamera. Josephati alizungushia paa zake mpira mweusi, mnene, anaubandika kwa gundi na kuugandamiza kwa vidole mpaka kucha zinauma. Paa lake likifungwa halipitishi hata pumzi. Hayo ni maneno yake mwenyewe, alikuwa akiwaambia wateja.

Meli hakuwahi kutengeneza. Aliwahi kupanda kivuko Mwanza, akatapika. Lakini Clemensi alimwamini, na Josephati mtu akimwamini kichwa kinavimba, basi akatengeneza alichokijua, yaani gari refu lisilo na magurudumu. Tumbo la chuma, viti vya safari vyenye mikanda, madirisha ya kioo ya kusukuma, mlango mmoja nyuma, usukani wa Landkruza, na juu paa la kuinuka lenye mpira wake. Akazungushia kingo za bomba huko juu ili watu waweze kupanda kupiga picha. Clemensi akaandika ubavuni "Nyota ya Eyasi". Vijana wa gereji wao waliiita Titaniki.

"Titaniki ni nini?" mama alimuuliza Josephati siku mimi na yeye tulipopanda mjini kuiona.

"Ni meli ya Wazungu ya zamani, Aayo." Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiiraqw. "Ilikuwa kubwa kuliko zote. Walisema haiwezi kuzama."

"Ikawaje?"

"Ikazama. Safari yake ya kwanza tu. Iligonga barafu baharini."

Mama alifikiri kidogo. "Na wewe unasema hii yako haizami."

"Sasa Aayo, Eyasi kuna barafu?"

Mama alicheka mpaka akajishika mbavu, na mimi nikacheka, na vijana wa gereji wakacheka. Kwa hilo alisema kweli. Barafu ya kwetu iko kwenye friji za soda.

Lakini nilijua mama anaogopa. Bibi yake alimlea akimwambia kwamba kila maji yana wenyewe, netlaame, yaani pepo wa majini, wasiopenda kelele, na mtu mwenye akili huchota, hushukuru, huondoka. Mama alikuwa Mkristo wa rozari kila siku, ila ukimpeleka mtoni anashusha sauti. Njiani kurudi nikamwambia asipande siku ya uzinduzi, tutasema ana presha.

"Nitapanda," akasema. "Huyu ndiye aliyeshindwa shule. Baba yenu alikufa akimwita mpiga nyundo. Nataka nikae kiti cha mbele kabisa, watu wote wa parokia waone mimi ni mama wa nani."

Siku ya uzinduzi Clemensi alialika parokia nzima. Wazee, akina mama wa parokia katika vitenge vyao vya bluu vyenye picha ya Bikira Maria, na kwaya. Baba paroko alinyunyiza maji ya baraka, akasema ana ndoa kigango cha pili, akaondoka na pikipiki. Mimi nilikuwa ukingoni napika pilau ya wageni. Josephati alinifuata nipande, nikamwambia maji yangu mimi yanakaa kwenye sufuria, akaniacha.

Nahodha alikuwa Remigius, dereva wa Clemensi, ambaye amepeleka wageni kreta tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alivaa kofia mpya. Akatoa amri anayoitoa kila siku ya kazi, kwamba asiyefunga mkanda gari haliondoki, na wazee wakajifunga mikanda ndani ya meli, wakafurahi, maana wengi wao safari za kitalii waliziona zikipita tu barabarani na kuwapaka vumbi. Maboya ya kuvaa yalikuwepo. Yalikuwa mapya, chini ya viti, ndani ya nailoni zake. Clemensi alikataa yafunguliwe kwa sababu yangechafuka kabla wageni wenyewe wa kulipa hawajaja.

Nilikunja gauni nikaingia kwenye maji ya vifundoni kumpelekea mama khanga yake dirishani. Alikuwa kiti cha mbele, katika kitenge chake cha bluu, chini kabisa ya paa la kuinuka, kama alivyotaka. Josephati alikuwa amechuchumaa mbele yake akimfundisha mkanda.

"Ukitaka kutoka, bonyeza hapa pekundu."

Mama akabonyeza, mkanda ukaruka, akacheka. Akafunga. Akabonyeza tena. Alifanya hivyo mpaka wazee wa nyuma wakamwambia, wewe Martha, utauharibu huo mkanda wa mwanao. Ndipo akaniona dirishani.

"Brigita," akasema, "pilau ya wazee usiweke pilipili."

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu.

Sasa nieleze kwaya, maana bila kwaya hii habari haieleweki. Kwaya za kwetu hazisimami kama miti. Zinaimba kwa hatua: mguu kushoto, mguu kulia, mabega yanafuatana, arobaini mkiwa mmekuwa mtu mmoja, na kadiri wimbo unavyopanda ndivyo hatua zinavyopanuka. Kwaya isiyokwenda sawa miguu inachekwa jimbo zima. Na siku hizi kwaya isiyo na video haipo, inatafuta mahali pazuri, wengine wanakwenda ukingo wa kreta, wengine kwenye maporomoko. Wilibrodi, mwalimu wa kwaya yetu, alitunga wimbo wa safina ya Nuhu kwa ajili ya siku hiyo, na walifanya mazoezi uwanjani kanisani mpaka nyasi zikaisha. Kwa hiyo kwaya yote ilipanda juu, kwenye paa. Mpiga picha alibaki nasi ukingoni akirusha kile kidege chake chenye kamera.

Josephati alipanda nao. Paa la kuinuka lingegongagonga chini ya miguu yao na kuharibu sauti, hivyo alikuwa amelichomelea komeo kwa nje. Nilimwona akilisukuma komeo kwa kisigino cha kiatu. Kisha akavua viatu vyenyewe, maana vilikuwa na grisi na wanakwaya walivaa soksi nyeupe.

Waliondoka vizuri. Nitakuwa mwongo nikisema niliona dalili. Mashine ilinguruma, watoto wakakimbia ukingoni, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nilijivunia mdogo wangu.

Mbele kidogo kulikuwa na kundi la ndege heroe wamesimama kwenye maji, wekundu. Remigius akazima mashine. Ndivyo afanyavyo kreta akikuta wanyama: unazima, unakaa kimya, mgeni anapiga picha. Meli ikabaki imetulia bila kusukumwa na chochote, na Wilibrodi akaona hapo ndipo mahali pa video. Akainua mikono.

Kwaya ikaanza. Kushoto, kulia. Tuliwasikia vizuri, maji yanabeba sauti. Meli ikaanza kwenda nao, kidogo, kama mtu anayetikisa kichwa akisikia wimbo anaoujua. Huko ndani nilisikia wazee wakicheka. Pembeni yangu mpiga picha alisema, "Hapo hapo, endeleeni hivyo hivyo." Wilibrodi naye aliona chombo kinacheza na watu wake akafurahi, akawaongezea mkono, na walipofika kwenye kiitikio wakapanua hatua kama walivyofundishwa. Uwanjani kanisani hatua hizo zilikuwa zinatoa vumbi, basi. Hakuna mtu kati yetu, si fundi, si dereva, si mwalimu wa kwaya, aliyewahi kusimama juu ya kitu kinachorudisha mguu wako.

Ililala kushoto. Ikalala kulia zaidi. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, na niliona maji yakiingia kwenye madirisha ya kulia yote kwa pamoja. Kwaya ikaporomoka upande mmoja na kingo za bomba zikakatika nao. Kisha meli ikarudi ikasimama wima, na kwa muda mfupi nilidhani yameisha, lakini ilikuwa imekunywa. Ikashuka taratibu, imenyooka, kama ng'ombe anayepiga magoti, ikakaa kwenye tope.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanza na ndipo isipoisha. Hatukuzama baharini. Lile ziwa halikuwa na kina. Meli ilikaa chini na paa lake likabaki juu, maji yanapita kwenye vifundo vya miguu ya waliosimama. Waliong'ang'ania paa wako hai mpaka leo. Waliojaribu kuogelea kuja kwetu, watu wasiojua kuogelea, wamevaa majoho ya kwaya, hao ndio tuliowapanga kwenye mchanga. Wilibrodi alikuwa mmoja wao. Na waliokuwa ndani, wenye mikanda, wengi hawakutoka kabisa.

Nilimwona Josephati juu ya paa, miguu mitupu, anavuta watu kutoka majini na kuwaweka kando yake. Patrisi alikuwa karibu na mtumbwi wake wa kuvulia kambale, akaja mbio kwa kasia. Mwanamke wa kitenge cha bluu alichomoka dirishani, Patrisi akamshika nywele, akamlaza mtumbwini. Josephati aliiona ile bluu.

"Dada," alinipigia kelele kutoka kule, "mama ametoka. Mama yuko kwa Patrisi."

Nilianguka magoti. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikaenda kutafuta khanga kavu na chai ya moto, nikangoja mtumbwi. Ulipofika nikamfunua yule mwanamke uso. Alikuwa Cresensia, mke wa katekista, anatapika maji, anapumua. Nilimchukia. Mungu anisamehe, nilimtazama mwanamke wa watu akiwa hai na nikamchukia, kisha nikamvisha ile khanga.

Patrisi alirudi kuchukua wengine, akaja, akarudi. Mtumbwi wake ni wa watu wachache. Kila mara Josephati alimpa mwingine nafasi na yeye akabaki amesimama palepale katikati ya paa, ambapo chuma kilikuwa imara. Nilimwita, nilipiga kelele kwamba si mama, lakini upepo ulikuwa unatujia sisi, haukwenda kwake. Nilimwona akinipungia mkono. Alikuwa ametulia. Alijua mama yuko kwangu.

Alitoka wa mwisho kabisa. Aliposhuka akanikamata mabega. "Mama mmempeleka zahanati?"

Nikageuka kutazama meli. Akamtazama Cresensia, akakitazama kile kitenge, na wanaume wanne wakamrukia kabla hajafika majini. Walimkalia pale mchangani huku Patrisi na wenzake wakirudi na kamba. Wao ndio waliofungua komeo.

Mama hakuletwa pamoja na wengine. Patrisi alimleta peke yake, amemfunika, akamweka chini ya mgunga mbali kidogo na watu, kisha akaniita.

"Dada Brigita, nikwambie au nisikwambie?"

"Niambie."

"Mkanda wake alikuwa ameufungua. Alikuwa juu, amesimama kwenye kiti, uso umegusa paa. Hewa ilibaki pale. Ule mpira haukuiachia." Alikuwa anatazama miguu yake. "Haikuwa muda mfupi, dada."

"Usimwambie mtu."

"Na Josephati?"

"Hasa Josephati," nikasema.

Nilidhani hilo ndilo lote. Siku tuliyokuwa tunachimba kaburi Josephati alinivuta nyuma ya zizi. Macho yalikuwa makavu, mekundu.

"Dada, nilipokuwa kwenye paa kuna kitu kilikuwa kinagonga chini ya miguu yangu."

"Kitu gani?"

"Nilidhani ni maboya. Yanaelea, si ndiyo? Nikasema maboya yamepanda yanagonga paa. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga." Akainamia miguu yake. "Nilihamisha miguu, dada. Kilikuwa kinanisumbua, nikasogeza miguu."

Nikamwambia yalikuwa maboya. Nilisema hivyo papo hapo, bila kumeza mate, na nikazunguka zizi nikaenda ndani kumwosha mama.

Nilikataa wanawake wengine wasinisaidie, nikafunga mlango. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka mpaka nyama nyeupe. Kucha zilikuwa zimekatika, na zilizobaki zilikuwa zimejaa mpira mweusi chini yake, ule ule ambao mwanaye alikuwa akiugandamiza kwa kucha zake. Mkono mmoja ulikuwa umefumba na haukutaka kufumbuka. Niliukanda kwa maji ya moto kama mtu anavyomkanda mzazi. Nililia pale kwa mara ya kwanza, sana, kwa sababu nilimwona akilini akibonyeza pale pekundu na mkanda ukiruka, akakumbuka somo, mama yangu hodari, akasimama akabisha hodi kwa mtoto wake. Na mtoto alikuwa juu yake. Na komeo lilikuwa kando ya miguu yake, la kusukuma kwa kisigino tu.

Nikamtuma mtu Karatu mjini aniletee glovu nyeupe, zile wanazovikwa marehemu. Nikamvika, nikamzungushia rozari. Kwenye kuaga Josephati aliishika ile mikono muda mrefu kuliko alivyoushika uso. Mama hakuvaa glovu siku moja ya maisha yake, hata siku ya jubilei ya ndoa. Josephati akainua macho akanitazama juu ya jeneza. Hakuuliza.

Mengine yanajulikana. Polisi walimchukua Josephati na Remigius, wakahojiwa, wakaachiwa. Clemensi amehama, tunasikia yuko Arusha. Remigius amerudi kuendesha wageni kreta na anasema bora simba. Josephati aliuza mashine za gereji akaja kukaa kwangu Baray kulima. Ni mtu wa kazi, hanywi, hagombani. Ila havui viatu. Shambani ana mabuti, ndani ana mabuti, na nikienda kumwamsha asubuhi nakuta kayalalia. Miguu yake haigusi kitu.

Tuliishi hivyo, na ziwa lilikuwa msaada wangu, maana lilikuwa limeifunika ile meli. Kisha mvua zikakatika. Maji yakarudi nyuma msimu kwa msimu, chumvi ikaonekana, na Wamasai wakaanza kushusha ng'ombe kutoka Olbalbal kutafuta majani. Ndio walioleta habari kwamba ile gari kubwa ya ziwani sasa iko nchi kavu na mbuzi wanalala kwenye kivuli chake.

Siku ya pili yake nilimwambia Josephati naenda kwa shangazi, nikaenda Eyasi na Patrisi. Ardhi ilikuwa inabonyea lakini inabeba mtu. Tuliingia kwa mlango wa nyuma. Sitasema nilichokiona upande wa chini wa lile paa. Nilikuwa na kisu na msasa. Mpira nilioubandua niliufukia, na rangi niliisugua mpaka ikawa chuma kitupu, huku Patrisi amesimama nje, hataki kuingia.

Haikupita muda Josephati akasema anataka kwenda. Nikasema tutakwenda wote.

Tulitembea asubuhi, jua halijawa kali. Alipoiona alisimama, kisha akaizunguka mara moja akiigusa ubavu, kama anavyofanya fundi gari likiletwa. Akaingia. Nikamfuata. Akaenda moja kwa moja mpaka kiti cha mbele, akatazama juu.

"Mpira uko wapi?"

"Wachungaji hao," nikasema. "Wanafungia mizigo ya punda."

"Na rangi?"

"Magadi yanakula rangi, Josephati, hujui?"

Akapitisha kidole kwenye chuma. Mtu aliyesugua mabati maisha yake yote anaijua alama ya msasa. Alikiangalia kile kidole muda mrefu.

"Dada. Kwa nini mlimvika glovu?"

Basi. Limekuja. Nilikuwa nimelijibu mara nyingi kichwani nikipalilia vitunguu.

"Wote wanavikwa siku hizi."

"Mikono yake ilikuwaje?"

"Mizima. Kama ya mtu aliyelala."

Alitikisa kichwa taratibu, si kukubali, si kukataa. Kisha akainama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akafungua kamba za mabuti. Nikadhani anataka kuyatoa mchanga. Akayavua, akaniambia nami nivue viatu vyangu.

"Panda juu ya paa, usimame pale nilipokuwa. Katikati. Funga komeo. Mimi nabaki humu."

"Wa nini huu upuuzi?"

"Nataka tu kujua kama mtu anaweza kukosea," akasema. "Wewe ni dada yangu. Utaniambia ukweli."

Nilitoka, nikapanda. Chuma kilikuwa kimeanza kupata moto. Nilisukuma komeo, likaingia bila shida pamoja na kutu yote ile, kazi nzuri ya mikono ya mdogo wangu. Nikasimama katikati. Mbele yangu ziwa lilikuwa mstari mwembamba, mbali, na mbuzi walikuwa wanaramba chumvi.

Akabisha.

Ilinipanda kwenye nyayo, ikapita kwenye mifupa ya miguu, ikafika magotini. Boya haligongi hivyo. Hakuna kitu duniani kinachogonga hivyo isipokuwa mkono wa mtu. Aligonga, akanyamaza, akagonga, na mimi nilijikuta nimehamisha miguu.

"Dada?" Sauti yake ilikuwa imefifia, inatoka mbali. "Umesikia?"

Nilifunga macho. Nikaituliza sauti yangu kwanza, nikaifanya ya kawaida, ile ninayomwitia chakula.

"Bado nangoja," nikamjibu. "Anza basi, jua linaniunguza."